Hatua Kumi na Mbili Kutoka Ukutani

Vijana wangu mnaouza miche kando ya barabara kuu, kuanzia Nanyala mpaka Tunduma, mlinifuata nyumbani mkasema, "Mama Atu, tuandikie unayoyajua ya miti ya maua, sisi tunauza tu." Nimekaa, nimeandika. Ila nisiwadanganye. Kazi hii nimeiacha moyo ukiwa umechoka. Na kazi yangu ya mwisho haikuwa kupanda, ilikuwa kuua. Niliua mjakaranda wa kanisani kwetu, mti nilioupanda kwa mikono yangu, tena niliupanda mahali pabaya huku najua ni pabaya. Habari yenyewe ndiyo hiyo. Haya mengine nitakayosema yanaizunguka tu.

Tuanze na mteja. Atakuja na gari au kwa miguu, atasimama, atakuuliza, "Una mti wa maua mazuri?" Usimjibu. Nawaona mnavyokimbilia kumwonyesha picha kwenye simu, huu mwekundu, huu wa zambarau, huu wa njano. Weka simu chini. Muulize, "Nyumbani kwako siku ya msiba, watu wanakaa wapi?"

Wengine watakasirika. Bwana mmoja wa Vwawa aliniambia, "Mama, nimekuja kununua ua, wewe unaniletea kifo."

Nikamwambia, "Baba, kifo hakitoki kwenye kitalu. Nijibu tu, watu wanakaa wapi?"

Akafikiri. Akasema wanabanana upande wa jikoni, kwa sababu uwanja wa mbele una jua kali. Basi hapo nilishapata kila kitu. Mti unakwenda mbele, upande linakotokea jua la mchana. Uwe na kivuli kipana. Usiwe na miiba maana watu watakaa chini. Usiwe na sumu maana watoto watachezea majani. Matawi yake yasiwe ya kukatika ovyo. Harusi mnaipanga miezi, mnakodi maturubai. Msiba unafika asubuhi, na mchana watu mia wako uwanjani kwako, watakaa siku tatu. Mti unaofaa siku hiyo utafaa siku zote. Rangi ya ua ni swali la mwisho.

Swali hilo si langu. Ni la mama Tuse wa Isongole.

Mama Tuse alikuwa Mndali, mfupi, mnene, sauti yake unaisikia kabla hujaiona nyumba. Nilikutana naye nikiwa na miaka ishirini na mbili, Atu yuko mgongoni, nimekwenda Isongole kutafuta maharage ya kuja kuuza huku Mbozi. Maharage hayakuwepo siku hiyo. Nikapita kwenye kitalu chake, nikawakuta wanawake wanajaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya miche. Nikaomba kibarua. Akanitazama nikijaza viriba vitatu, cha nne akaninyang'anya.

"Wewe mke wa Mnyiha, unashindilia kama unajaza gunia la mahindi. Mzizi utapumulia wapi?"

"Sijui, mama."

"Afadhali umesema hujui. Waliosoma wananibishia."

Nilikaa kwake misimu minne, nakwenda na kurudi. Alinifundisha udongo: makarai matatu ya udongo wa msituni, mawili ya samadi iliyooza, moja la mchanga. Samadi mbichi inaunguza. Ukitaka kujua kama imeoza, ingiza mkono ndani, ukisikia joto, funika urudi mwezi ujao. Alinifundisha mbegu ya mjakaranda: ganda lake ni kama mgongo wa kobe mdogo, ukilipasua unakuta mbegu nyembamba zenye mabawa. Loweka usiku mmoja, laza juu ya udongo, funika kidogo sana, kama unavyonyunyiza chumvi kwenye mboga. Ukiifukia chini kama punje ya mahindi imeoza.

Na alinifundisha hatua. "Mti unaokua mkubwa, hatua kumi na mbili kutoka ukutani," alisema. "Na siyo hatua za mwanaume. Ni hatua za mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani."

Nikacheka. Nikamuuliza kwa nini awe na ndoo.

"Mwanaume akipima, anapima huku anawaza kuondoka, mara anarefusha, mara anafupisha. Mwenye ndoo hawezi kudanganya hatua. Akidanganya analowa."

Basi alikuwa anapima hivyo kweli. Mteja akimwita nyumbani kwake, mama Tuse anaomba ndoo, anajaza maji, anajitwika, anaanza ukutani. Watoto wanamfuata wanahesabu naye. Akifika kumi na mbili anashusha ndoo, anachimba hapo, na maji yale yale ndiyo anamwagilia mche. Hakuna kupoteza.

Yeye hakujua kusoma. Mimi nilijua kidogo, darasa la nne. Na hapo ndipo palitoka kosa langu la kwanza. Mche wa mjakaranda na mche wa mkrismasi, ule wa maua mekundu ya Desemba, ikiwa midogo ni kama mapacha. Yote ina vijani vidogo vidogo kama unyoya. Nilikuwa nimeshaanzisha kitalu changu Nanyala, nikaichanganya, sina lebo. Niliuza mikrismasi kwa jina la mijakaranda kwa mwaka mzima. Sasa ninyi jueni: shika jani moja, angalia ncha yake. Mjakaranda kijani cha mwisho kimechongoka, tena ni kirefu kuliko wenzake. Mkrismasi vijani vyote ni butu, viko sawa. Basi. Lakini mimi nilijua hivyo baada ya watu kunirudishia maneno.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka masomo ya jioni. Nilikuwa nafunga kitalu, napika, namwachia baba Atu watoto, nakwenda kukaa kwenye dawati la shule ya msingi, magoti yanagonga meza. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja. Nikaenda hivyo hivyo mpaka kidato cha pili. Nilichotaka mimi ni lebo tu, lakini Mungu akanipa na Biblia ya kujisomea mwenyewe, bila kusubiri mtu anisomee. Kwa hilo namshukuru mpaka leo, hata siku ambazo sina kingine cha kumshukuru.

Kosa la pili nililifanya kwa Simbeye, wakala wa kupitisha mizigo pale boda ya Tunduma. Huyu alikuwa amekwenda Morogoro akaona mikrismasi imewaka maua mekundu barabara nzima. Akaja, "Mama Atu, nataka nyekundu ile ile, mlangoni kwangu, Zambia yote ione." Nilijua. Huku kwetu kuna baridi. Mkrismasi unataka joto, kule chini bondeni Kamsamba unawaka vizuri sana, lakini huku juu unaota majani tu. Nilijua, nikauza. Nilisema moyoni, labda wake utatoa.

Miaka minane. Kila nikipita boda ananiona, anaita mbele za watu, "Mama, maua yangu yako wapi? Yamekwama forodhani?" Madereva wanacheka. Siku nyingine, "Mama Atu, nimekagua makaratasi yote, maua hayajavuka." Wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya boda, wanaokuja kununua miche wakawa wameshika utani, nao wakinisalimia "Mulishani, mayo," wanaongeza, "na maua ya Simbeye?" Mwishowe nilikwenda mwenyewe kumpandia kibobakasi bure, ule wa maua ya rangi ya moto, vitumba vyake vya maua ukivibinya vinarusha maji. Huo unastahimili baridi. Ila nao weka mbali na nyumba, matawi yake ni mepesi kukatika upepo ukija. Nilimwekea hatua kumi na mbili, kwa ndoo, watoto wake wakihesabu. Ulitoa maua mwaka wa nne, naye akanipigia simu, akasema neno moja tu, "Yamevuka."

Nilikuwa na furaha siku ile. Nawaambia ili mjue ilikuwepo.

Mwaka jana nilikwenda Tunduma, nikapita mtaa kwa mtaa kuangalia miti yangu. Sikuwa na kazi nyingine, mwenye kiwanja cha kitalu alishachukua kiwanja chake, amejenga. Nilitembea tangu asubuhi. Pale palipokuwa na mibrashi, ile ya maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa, kuna geti la kuegesha maroli. Pale palipokuwa na mijakaranda miwili, kuna pevingi, vile vitofali vya saruji vya kutandika, ukuta hadi ukuta. Kwa Simbeye kibobakasi hakipo. Uwanja ni pevingi, safi, inang'aa, imeoshwa. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, kivulini mwa ukuta, anasogeza kiti kila jua likisogea.

"Mama Atu," akasema, "majani yalikuwa yanachafua."

Hakunitania. Afadhali angenitania.

Nyumba za siku hizi, vijana wangu, zimekuwa nzuri kama makaburi ya matajiri. Marumaru, saruji, kimya. Mtu anawakaribisha wageni, wanakaa ndani na feni. Na msiba ukija wanakodi turubai, hata msiba sasa unasubiri turubai. Mteja anakuonyesha picha ya mti wa nchi ya mbali, anautaka, wiki ijayo uwe mrefu. Nanyi mnampa mche uliolishwa mbolea ya chupa, mrefu, laini, haujawahi kuona jua. Unakufa baada ya miezi miwili. Hamkuuzoesha. Ule mwezi wa kuutoa mche kivulini kidogo kidogo na kupunguza maji, mnauona kama mwezi wa hasara. Siwalaumu. Ila mmeniomba niseme.

Na oleanda msiuze kwa mtu mwenye mbuzi. Yale maua ya waridi, majani membamba kama mkuki. Niliuza Hasamba, kwa mjane mmoja, nikasahau kumuuliza mifugo. Mbuzi wawili walikufa asubuhi, wa tatu mchana. Hakunitukana. Alinipikia chai. Chai ile naikumbuka mpaka leo.

Sasa kanisani.

Kanisa letu la Nanyala lilipomaliza kuezekwa, kina mama tukaambiwa tupande mti. Mimi ndiye mtu wa miche, mche ukatoka kwangu. Mjakaranda, urefu wa goti, niliukuza kutokana na mbegu za Isongole alizonipa mama Tuse siku nilipoaga. Tukakubaliana kila mama aje na bakuli la udongo kutoka shambani kwake, ili mti uwe wa wote. Jumapili ile walikuja wanawake arobaini na kitu, wa Nanyala, wa Hasamba, wengine wametoka mbali kwa miguu, kila mmoja na bakuli limefunikwa kwa kitambaa kama wanapeleka chakula kwa mzazi.

Nikafika na mche wangu. Shimo limeshachimbwa. Wanaume walikuwa wamechimba Jumamosi, shimo zuri, la mraba, karibu na mlango, ili maharusi wakitoka wapigie picha pale. Sikuhitaji ndoo. Kwa macho tu niliona ni hatua sita.

Nilisimama na mche. Mwinjilisti wa wakati ule akasema, "Mama Atu, tunakusubiri." Kina mama wamepanga mstari na mabakuli yao, wanaimba. Mimi nilikuwa mgeni mgeni pale, nimeolewa huko, bado niko masomo ya jioni. Nikasema moyoni, shimo limeshachimbwa, nitaanzaje kuwaambia wafukie. Nikapiga magoti, nikapanda. Wakamwaga udongo wao mmoja mmoja, kila mtu akitaja jina la shamba lake.

Nilikwenda Isongole mwezi uliofuata, nikamwambia mama Tuse. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliuliza, "Sita?" Nikasema, "Sita." Akasema, "Ungehamisha sasa, ungali mdogo." Nikasema nitahamisha. Sikuhamisha. Kila mwaka nilisema mwaka huu, na kila mwaka ulikuwa mzuri zaidi, na ule uwezekano ukapita. Mama Tuse akafariki.

Mti ulikua, vijana. Ulipita paa. Mwezi wa kumi ulikuwa hauna jani, ni zambarau tupu, na chini ni zambarau, mtu anaingia ibadani na maua kwenye viatu. Kila harusi ilipiga picha pale. Mbegu zote nilizouza miaka kumi na mitano zilitoka kwenye mti ule, mijakaranda yote mnayoiona Vwawa mpaka Tunduma, ile iliyobaki, ni watoto wake. Na baba Atu alipofariki, ilikuwa Oktoba, jeneza liliwekwa chini yake. Maua yakaanguka juu ya jeneza. Mama mmoja alitaka kuyapangusa, nikamshika mkono.

Halafu ukaja ufa. Mwanzo ulikuwa kama unywele. Mzee Halinga, mwenyekiti wa ujenzi, ndiye aliyeniita. Msimwone vibaya, ni mtu mwema, ndiye aliyeshika jeneza la mume wangu upande wa kichwa. Aliniita, akaingiza vidole ukutani mbele yangu.

"Pasaka vilikuwa viwili. Leo vinne."

"Mzee, niachie nichimbe mtaro hapa katikati. Nikate mizizi ya upande huu wa ukuta."

"Ukikata ya upande huu, upepo wa Agosti utaulalisha wapi? Juu ya paa, au juu ya watoto wa shule ya Jumapili?"

Ndivyo hasa ambavyo mimi ningemjibu mteja.

Niliomba majuma sita. Sikuomba muujiza mkubwa. Niliomba ufa usimame. Kila Jumatatu nilifunga, nikaenda na njiti za kiberiti, nazipachika juu, pale ufa ulipokuwa bado mwembamba, nione zinaingia ngapi. Juma la kwanza tisa zilibana. Juma la sita zilikuwa zinaanguka ndani, sizioni.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya ibada. Mchungaji wetu wa sasa ni kijana, hakuwepo enzi zile. Akauliza tu kwa kutaka kujua, "Nani aliyesema upandwe pale?"

Kina mama wanaojua wakaangalia chini. Mzee Halinga naye akaangalia chini, maana yeye alikuwa mmoja wa waliochimba.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Shimo nililikuta, lakini mjuzi wa miti pale nilikuwa mimi. Ningesema lifukiwe, lingefukiwa."

"Mama, hakuna anayekulaumu," mchungaji akasema.

"Najua, mchungaji. Ndiyo maana inauma."

Wakapiga kura. Mikono ilipanda taratibu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ulikatwa Jumanne, mwezi wa tisa, ukiwa umeshaweka vitumba, zimebaki wiki mbili uchanue. Sikwenda. Nilisikia msumeno wa injini kutoka nyumbani, na nilijua kwa mlio lini umemaliza matawi na lini umeingia kwenye shina.

Nilidhani yameishia hapo. Baada ya majuma matatu mzee Halinga akaja kwangu, akapiga hodi, hakutaka kukaa.

"Kisiki kimechipua," akasema. "Vijana wamemwaga chumvi, wamemwaga oili chafu. Kinachipua tu. Fundi anasema haanzi kuziba ufa mizizi ikiwa hai."

"Sasa mzee?"

"Sasa, mama Atu, anayejua dawa ni mmoja tu hapa."

Ningeweza kusema sijui. Nani angenipinga? Nilikaa pale na mchele kwenye ungo, naokota mawe, yeye amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nikawaza, nikisema sijui, kisiki kitachipua, na ukuta utaanguka siku watu wako ndani. Na hata usipoanguka, mimi nitakuwa nimesema uongo kwa ajili ya mti. Nikamwambia, "Kesho asubuhi. Mniandalie keekee na glovu."

Nawaandikia jinsi ya kufanya, kwa sababu siku moja mtaitwa. Chumvi na oili zinaharibu udongo tu. Kwanza kata kisiki upya, toa kipande cha juu chenye unene wa kiganja, upate mbao mbichi. Piga mashimo pembeni, karibu na gome. Usipige katikati. Katikati ya mti ni mbao tu, pameshakufa zamani, maisha yote ya mti yako pembeni, unene wa kidole, chini ya gome. Dawa weka hapo hapo, utomvu haujakauka. Ukichelewa saa moja umefanya kazi bure. Funika kwa nailoni, weka udongo juu.

Machipukizi yalikuwa saba, ya kijani laini, yamesimama. Matano niliyakata nikaenda nayo nyumbani, nikayaweka kwenye viriba kivulini, udongo wa mama Tuse, matatu, mawili, moja. Yameoza yote. Mbegu za mwisho ziko kwenye kopo kwangu, anayetaka aje achukue mapema, mbegu ya mjakaranda ikikaa inapungua nguvu. Mimi sina pa kupanda. Na kikao kiliamua uwanja wa kanisa usipandwe mti tena.

Nilifanya kazi ile vizuri. Hakijachipua tena. Jumapili nakaa benchi langu lile lile, karibu na ufa, wameuziba kwa saruji, rangi haijalingana. Kanisa sijahama, mimi si mtu wa kuhama. Ila ikifika sala ya shukrani, wenzangu wanafumba macho, mimi naangalia ile saruji, na siku nyingi sipati neno. Juzi tumemzika mama mmoja, katika wale wa mabakuli. Turubai lilichelewa. Wanawake walikaa juani, wamejifunika kanga vichwani.

Kilichobaki ni kidogo. Siku ile ya dawa, nilipomaliza kufunika kisiki, nilitaka kunawa na kuosha vifaa mbali na watoto. Bomba liko ukutani, kwenye kona ile ile ya ufa. Nikajaza ndoo, nikajitwika, nikageuka kuelekea upande wa nyasi. Sikupanga. Miguu yenyewe ilianza kuhesabu. Kwenye sita nilipita pembeni ya kisiki. Saba, nane. Mzee Halinga alikuwa ananiangalia, akavua kofia, nafikiri alielewa. Kumi, kumi na moja. Kwenye kumi na mbili nikashusha ndoo.

Palikuwa na nyasi tu. Miaka ishirini na moja tangu tupande mti ule, na hapakujengwa kitu, hapakuegeshwa gari, hapakuchimbwa choo wala hapakupita bomba. Pako wazi mpaka leo.